Vyungu Vilivyorudi Kinyumenyume

Wakubwa, shikamooni. Nanyi wadogo mlionisalimia pale nje wakati napangusa matope miguuni, marahaba. Kabla sijasema lolote nina ombi. Mmoja wenu achukue bakuli, apakue kidogo katika hicho mlichotuandalia, aliweke pale karibu na mlango kabla mtu yeyote hajaonja. Dada, usinitazame hivyo. Weka tu, nitaeleza mwenyewe kabla sijaondoka.

Ahsante.

Basi, mkubwa wa chama chenu alipanda mpaka kwetu mlimani kwa miguu yake mwenyewe, akakaa kizingitini kwangu akihema mpaka nikamhurumia. Alipopata pumzi akasema ninyi wasusi wa huku Turiani mnataka kuuza mikeka yenu kwa pamoja kule Morogoro, penye reli, na mnataka mkeka wenu ujulikane hata kama aliyeusuka hayupo. Njoo utuambie ninyi wafinyanzi mlifanyaje, akasema. Nikamwambia mimi sina mafunzo ya kugawa, nina mkasa tu. Akasema njoo na huo mkasa. Ndio nimekuja nao, na sitamtaja mtu kwa jina, maana wengine bado wananipikia uji nikiumwa.

Mnakumbuka gari moshi la Mdachi lilipofika Morogoro? Mji ulijaa. Vibarua wa reli, askari na wake zao, Wahindi na maduka yao, wapagazi waliokosa mizigo, wote wanataka kula, na wote wanahitaji chungu. Sisi wanawake wa kwetu tukafunga ngata zetu, tukashuka na vyungu kichwani. Tulishuka tunaimba. Tulijiona tumepata.

Tulipofika tukakuta wenzetu wametutangulia. Kulikuwa na vyungu vya bondeni, vimechomwa harakaharaka kwa moto wa mabua, ukiviteleka mara mbili tu vinapasuka. Lakini kwa sura huwezi kuvitofautisha na vyetu. Mtu akipasukiwa na chungu cha maharage, maharage yote yakamwagikia majivuni, hasemi nilinunua kwa fulani. Anasema vyungu vya wanawake wa mlimani ni hovyo. Ndugu zangu, nawaambia, inauma kutukanwa kwa kazi aliyoifanya mtu mwingine. Mimi nilirudi nyumbani siku moja nalia njia nzima, na mimi si mtu wa kulia.

Tukakaa kikao. Tukakubaliana vyungu vyetu viwe na alama moja, ili anayekijua kimoja avijue vyote. Hapo tulifikiri vizuri, na ninyi mko hapo hapo leo, sina ubishi. Ubishi ulianza kwenye alama yenyewe. Huyu anataka samaki, yule anataka mistari ya bibi yake, mwingine anataka jani la mgomba ambalo hata kulichora hajui. Nikawaambia niachieni mimi. Mdomo wangu huu mnaousikia, wakati ule ulikuwa mkubwa zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Juu ya shimo letu la udongo kuna jabali lililoinama, ukiingia chini yake umejificha mvua. Sisi tulihamia mlima ule siku za mama zetu. Kabla yetu palikuwa na watu wa ukoo mwingine, waliisha, sijui kwa njaa au kwa ndui, hakuna aliyetusimulia. Siku hiyo nachimba udongo, mvua ikanikuta, nikakimbilia pale chini. Nikaona chungu cha zamani sana, kimefudikizwa, mdomo chini. Shingoni kilikuwa na alama za ukucha, moja baada ya nyingine, zimezunguka zikakaribia kukutana, kisha mfinyanzi akaacha. Aliacha mwanya wa kidole kimoja. Nikaingiza kidole changu katika ule mwanya kikaenea sawasawa.

Mvua ilikuwa inanyesha nje, naiona kwa macho yangu. Lakini pale chini ya jabali sikuisikia. Nilipaswa kuondoka wakati ule ule. Mimi nikafurahi, nikasema alama yetu nimeipata.

Nilifinyanga cha kwanza, nikakichoma, nikakiteleka kwangu kukijaribu. Kilipika vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo. Wenzangu wakaiga alama, tukashuka nayo mjini. Ikapendwa, tena ikapendwa haraka! Watu wakaipa jina wenyewe, wakawa wanasema nipe kile chenye duara lenye mlango. Palikuwa na mwanamke aliyewapikia vibarua wa reli, mtu wa upande mwingine wa milima, mwenye sauti ya kuamrisha na mkono wa kugawa, wenye kovu la mafuta ya moto. Huyo alinunua mpaka jiko lake likawa vyungu vyetu vitupu. Akawaita na wenzake wanunue. Mnunuzi wa namna hiyo ni wa kumshika kwa mikono miwili, mama zangu, maana anakuuzia bila wewe kumwambia.

Kisha akaacha kuja.

Nilidhani anaumwa. Siku ya soko nikamwona kwa mbali, nikamwita, akainama kama mtu anayetafuta kitu chini, akapotelea katikati ya watu. Na wengine wakaanza hivyo hivyo. Wakikaribia, wanaona ile shingo, wanapita kwa mbali. Hakuna aliyelaumu wala aliyesema chungu chako kimevuja. Matusi ningeyajibu. Kunyamaziwa sikujua nikujibu vipi.

Mnajua nilifanya nini? Nilipiga kelele zaidi. Nikashusha bei, nikapaka vyungu rangi nyekundu ving'ae, nikachora alama kubwa mara mbili ili ionekane toka mbali. Watu wakikukimbia unadhani hawajakusikia. Hilo nalicheka sasa. Wakati ule sikucheka.

Asubuhi moja nafungua mlango, nakuta chungu kimefudikizwa ukutani kwangu. Chetu, chenye duara lenye mlango, kimeoshwa vizuri. Asubuhi nyingine viwili. Ukungu wa Uluguru mnausikia tu ninyi watu wa miwa, ukishuka huoni hata mkono wako, kwa hiyo sikumwona aliyeleta. Nikatazama nyayo kwenye matope. Zilikuwepo, tena nyingi. Lakini zote zilielekea bondeni. Zilianzia mlangoni kwangu, zikashuka. Hapakuwa na hata unyayo mmoja uliopanda.

Nikazifuta kwa ufagio. Kesho yake zikawepo tena, zimeanzia mlangoni, zimeshuka.

Naishi peke yangu, mume alikufa, watoto sikujaliwa. Sasa ni nani anayetoka nyumbani kwangu kila kunapokaribia kucha? Nilikuwa nauliza hivyo kwa sauti, halafu najutia kuwa nimeuliza. Nikaanza kulala na mgongo ukutani.

Majirani nao wana macho. Siku moja mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu na mwenye kauli juu ya ardhi, alikuja akasimama uani. Hakukaa nilipomkaribisha.

"Mpwa wangu," akasema, "nimefuata nyayo. Zinatoka kwako, zinakwenda mpaka kwenye nyumba za watu mjini. Zinazorudi sizioni. Unatoa nini humu ndani?"

"Mjomba, sijui. Nakuapia sijui."

"Watu wanasema unajua."

"Wewe unasemaje?"

Akatazama vyungu vilivyofudikizwa pale ukutani, akasogea nyuma. "Mimi nasema mvua za vuli zisinyeshe kabla hujanipa jibu. Zikinyesha hujanipa, nafunga shimo la udongo, na wewe utashuka mlima huu usirudi."

Mnaelewa maana yake? Shimo likifungwa, chama chetu cha wafinyanzi hakipo. Wenzangu wote wangekwenda kupalilia pamba ya mzungu kule tambarare, chini ya nyapara na kiboko chake. Na mimi ningeondoka nikiitwa mchawi, niache kaburi la mama yangu, niende wapi? Wenzangu wakaacha kupita kwangu. Mmoja nilikwenda kwake, nikakaa, nilipoinuka nikamwona anapangusa kigoda nilichokikalia. Alikuwa rafiki yangu. Sikumlaumu, lakini niliumia, na nikimwona leo bado naumia kidogo.

Mawingu yakaanza kukaa juu ya milima. Nikaamua nitamwona huyo anayetoka kwangu, hata kama ni mimi mwenyewe.

Alfajiri, majogoo wameshawika, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajibanza kwenye migomba. Ukungu ulikuwa mzito na kimya. Nikasikia hatua. Zilipanda polepole, zikikwama, kama za mtu asiyeona anakokwenda. Halafu nikaona mgongo. Sikuona uso, ndugu zangu, niliona mgongo wa mtu umefunikwa kaniki, unanijia. Unapanda mlima mgongo mbele. Miguu inatangulia visigino, vidole vinatazama bondeni. Mikononi amekumbatia chungu.

Nilijiziba mdomo kwa kaniki nisipige yowe. Ule mgongo ukafika mpaka ukutani kwangu, ukachuchumaa, mikono ikapeleka chungu nyuma, ikakifudikiza. Ndipo nikaijua ile mikono, ina lile kovu la mafuta ya moto. Alikuwa yule mpishi wa vibarua.

Nikatoka kwenye migomba. "Dada, nimekukosea nini?"

Akaganda. Hakugeuka. "Usije mbele yangu," akasema. "Kaa hapo hapo nyuma. Kwa nini unaniuliza unachokijua?"

"Sikijui! Nafukuzwa kwetu kwa kitu nisichokijua."

Nilikuwa naongea na kisogo cha mtu, nasikia anavyopumua. "Ile alama umeitoa wapi?"

Nikamwambia. Jabali, chungu cha zamani, kidole changu kwenye mwanya. Niliposema kidole, mabega yake yakainuka.

"Kwetu," akasema, "duara likifungwa, hicho ni chungu cha watu. Likiachwa mlango, ni cha mizimu ya ukoo ulioisha, isiyo na mtoto wa kuilisha. Chungu kile huachwa kimefudikizwa. Anayekiinua akakipikia, amesema yeye ndiye mtoto. Amekubali kuilisha. Wewe umetuuzia mji mzima, na sisi tulioisikia alama hiyo kwa bibi zetu tu tukaitambua tumeshapika."

"Mbona hamkuniambia?"

"Jambo hilo halitajwi. Ukilitaja umeliita. Tulidhani unajua unachofanya, tukasema huyu mwanamke anatafuta wa kumpokelea mzigo wa mizimu yake. Tukawa tunarudisha. Tunarudisha kinyumenyume, ili kisituone tunakokwenda."

Sasa mmeelewa zile nyayo? Wanakuja kinyumenyume, vidole vinatazama bondeni. Wakishaweka, wanashuka moja kwa moja, vidole vinatazama bondeni vilevile. Hakuna kilichokuwa kinatoka kwangu. Nikakaa pale pale matopeni.

Kisha akasema kitu kingine, kwa sauti ndogo, ile sauti yake ya kuamrisha imekwisha kabisa. "Mimi nilianza kutenga bakuli. Kila nikipika, la kwanza naliweka pembeni. Kila nikirudi, tupu. Si paka, mwenzangu. Paka analamba, anaacha kingo. Hili limefutwa kwa kidole."

Alinifundisha la kufanya. Nikaenda kwa wenzangu nyumba kwa nyumba, nikasema bila kuzunguka. Wakakasirika, wana haki. Tulikusanya vyungu vilivyorudi, tukaenda mjini kuomba vilivyobaki, tukitoa chungu kipya kisicho na alama kwa kila kimoja. Watu walitupa haraka sana, wengine kwa ncha ya fimbo. Mjomba, nilipompa jibu lake, akatangulia na unga na maji. Tulipofika chini ya jabali, kile chungu cha zamani, ambacho mimi nilikiacha mdomo chini, kilikuwa kimesimama. Mdomo juu. Ndani kikavu na safi. Hakuna aliyeuliza nani amekigusa.

Mjomba akanyunyiza unga, akaomba radhi kwa waliotangulia pale. Tukafudikiza vyetu vyote kukizunguka. Tukashuka kinyumenyume, tumeshikana kaniki, na mteremko ule ni mkali. Mimi nilianguka makalio, wawili wakaniangukia, na humo humo katika hofu mmoja akacheka, yule yule wa kigoda, na sote tukacheka huku tunatetemeka. Mvua ilianza tukiwa njiani. Mjomba hakunipa pole wala nini. Alisema tu, "Shimo li wazi," akaenda zake.

Bado tulihitaji alama. Safari hii sikusema niachieni mimi. Tulimfuata mpishi jikoni kwake, tukakaa kwenye moshi wake, tukamuuliza: ukitaja vyungu vyetu kwa watu na sisi hatupo, unasema nini? Hilo swali, wasusi, ndilo ningewapa hata kama ningesahau mengine yote. Mnachoitwa na watu mkiwa mmeshaondoka, hicho ndicho jina lenu. Mnachojiita wenyewe ni kelele tu.

Akafikiri huku anakoroga. "Nasema haviogopi moto," akajibu. "Lakini maua sitaki, na samaki sitaki. Nataka kikipasuka nijue nitamwona nani."

Basi tukafanya hivyo. Duara lililofungwa shingoni, na chini yake kila mfinyanzi anabonyeza dole gumba lake. Duara ni la chama, dole ni la mtu. Tukakubaliana hakitoki mlimani chungu kisichochomwa kwa kuni ngumu, hata kama gari moshi linapiga honi na wanunuzi wamesimama. Na sokoni tulisema neno moja tu, hatukubadilisha hata siku moja: kikipasuka, kirudishe mchana, uso mbele. Watu walikwishasikia habari zetu, wakawa wanacheka. Wakicheka wanasogea. Wakisogea wanagusa.

Wa kwanza kurudisha alikuwa mke wa askari. Alikuja jua la utosi, anapanda anatukana toka kwenye kijito, chungu kina ufa, uso umekunjamana kwa hasira. Jamani! Sijawahi kufurahia matusi kama siku ile. Nikatazama dole, lilikuwa langu. Nikampa kingine na ndizi juu yake. Tangu hapo anatutangaza kambi nzima.

Ndugu zangu, nataka kushukuru. Nawashukuru wenzangu, waliokasirika halafu wakabeba. Namshukuru yule mpishi, aliyesimama kunijibu badala ya kukimbia. Namshukuru hata mjomba, ingawa akisikia nimesema atanuna. Na ninyi mkiweka alama kwenye mikeka yenu, msiangalie tu uzuri wake. Nendeni kwa watakaoilalia mkawaulize wao wakiiona wanasoma nini. Alama ni ahadi. Mnaweza kuwa mmeahidi kitu msichokijua, na aliyeahidiwa anangoja.

Hapo ningemaliza. Lakini niliahidi kueleza habari ya bakuli.

Chungu kimoja hakikupanda jabalini. Kile cha kwanza nilichokijaribu jikoni kwangu. Sikukificha, nilikisahau tu, kwa kuwa nilikuwa nakitumia kila siku. Nilipokumbuka nikakimbilia kwa mpishi. Akaniuliza, "Wengine wewe uliwauzia. Hicho umekipikia kwa mkono wako, kwa moto wako?" Nikasema ndiyo, toka siku ya kwanza. Akageuka taratibu akanipa mgongo, akasema, "Basi wewe ni mtoto wao, hata ukikirudisha."

Kwa hiyo natenga. Popote ninapokula, la kwanza si langu. Mwanzo nilikuwa natenga kwa hofu. Siku hizi sivyo. Mume alikwenda, mama alikwenda, mtoto sikupata, na kuna jioni, nikipuliza moto peke yangu na ukungu umefunga mlango, nafurahi kwamba kuna anayengoja nipike. Wao hawakuwa na mtoto, mimi sina. Nimeshaacha kuona hilo ni baya.

Nimemaliza, chakula kisipoe. Dada uliyeweka bakuli, nenda kalichukue, uso mbele, usiogope. Wote mmekaa mnanitazama mimi, na tangu nianze kusema hakuna aliyepita mlangoni. Litazame halafu uwaonyeshe wenzako, kisha lioshe tuanze kula. Wao wameshakula.